Demio au Fit? Kuchagua gari dogo la familia kwa kulisoma umbo lake la nje

Ukiingia yadi ya magari Dar es Salaam au Mombasa kutafuta gari dogo la baba, mama na watoto wawili au watatu, utaoneshwa yaleyale: Mazda Demio, Honda Fit, Toyota Vitz, Nissan Note, na kwa Tanzania Toyota IST haikosi. Muuzaji atakueleza injini na ulaji wa mafuta. Umbo la nje linaachiwa macho yako tu, ulipende au ulikatae, mazungumzo yaendelee kwenye bei.

Mimi naona umbo linastahili kuchunguzwa kwa uzito uleule wa injini. Ndilo linaloamua mtoto aliyeketi nyuma ataona nini njia nzima, bampa litavuka tuta salama au litakwaruzika, na fundi wa bodi atakutoza kiasi gani siku bodaboda itakapokugusa mlango. Hapa nitalinganisha hasa magari mawili yanayowatesa watu kuchagua: Demio ya kizazi cha nne, iliyotoka Japani Septemba 2014, na Fit ya kizazi cha tatu, iliyotangulia kwa mwaka mmoja, Septemba 2013. Mengine matatu nitayagusa kwa kadiri yanavyosaidia uamuzi.

Sanduku moja, michoro tofauti

Tazama vipimo hivi kwanza, vyote kwa milimita.

| Gari | Urefu | Upana | Kimo | Tairi la mbele hadi la nyuma |
|---|---|---|---|---|
| Demio (2014) | 4,060 | 1,695 | 1,500 | 2,570 |
| Fit (2013) | 3,955 | 1,695 | 1,525 | 2,530 |
| Vitz (2010) | 3,885 | 1,695 | 1,500 | 2,510 |
| Note (2012) | 4,100 | 1,695 | 1,525 | 2,600 |
| IST (2002) | 3,855 | 1,695 | 1,530 | 2,370 |

Upana wa yote matano ni 1,695, na si kwa bahati. Sheria ya usajili ya Japani inaliweka gari kwenye daraja la magari madogo iwapo upana wake hauzidi milimita 1,700, urefu 4,700, kimo 2,000, na injini yake cc 2,000. Likivuka kimoja tu kati ya hivyo, linahamia daraja la juu. Juu nako kuna dari lao jingine: maegesho mengi ya mashine katika miji ya Japani, yale yanayoinua magari na kuyapanga ghorofani, hayapokei gari la kimo cha zaidi ya milimita 1,550. Ndiyo maana hata IST, inayoonekana imesimama wima, imeishia 1,530.

Kwa hiyo msanifu wa gari dogo la Kijapani anachora ndani ya sanduku asilolichagua. Akitaka mlango wenye mchongo wa kina au mabega yaliyovimba juu ya matairi ya nyuma, hawezi kutanuka kwenda nje; inambidi akate kwenda ndani, na nafasi hiyo inatoka kwenye mabega na magoti ya abiria. Kila urembo unaouona ubavuni mwa magari haya umelipiwa na mtu aliyeketi ndani, na hapo ndipo Demio na Fit zinapoachana.

Demio: urefu umekwenda kwenye pua

Rudi kwenye jedwali. Demio ni ndefu kuliko Fit kwa milimita 105, na matairi yake yameachana zaidi kwa milimita 40. Mtu angetarajia iwe na nafasi zaidi ndani, lakini keti nyuma katika magari yote mawili uone tofauti: Fit inakupa magoti huru, Demio inakubana. Urefu wote ule umekwenda kwenye boneti.

Mazda walifanya hivyo kwa makusudi. Kizazi kilichotangulia, cha mwaka 2007, kilikuwa na milimita 2,490 kati ya tairi la mbele na la nyuma. Hiki kipya kikaongezewa 80, tairi la mbele likasogezwa mbele na kabini ikavutwa nyuma. Ukisimama ubavuni unaona boneti refu kuliko injini ya cc 1,300 inavyohitaji, kioo cha mbele kilichorudi nyuma, na uzito wote wa mwili umeegemea tairi la nyuma. Gari linasukumwa na matairi ya mbele, lakini limesimama kama gari la mbio linalosukumwa na ya nyuma.

Huo ndio mtindo ambao Mazda huuita Kodo, na wenyewe husema waliuchora kwa kumtazama duma anapojivuta kabla ya kumrukia windo. Aliyeusimamia ni Ikuo Maeda, aliyekabidhiwa ukuu wa usanifu wa Mazda mwaka 2009, ambaye baba yake, Matasaburo Maeda, ndiye aliyechora RX-7 ya kwanza. Demio hii ilitwaa tuzo ya Gari la Mwaka la Japani ya 2014–2015, na naamini ilistahili. Katika magari ya bei hii sijaona jingine lenye ngozi iliyotulia namna ile. Ubavu wake hauna mistari mingi mikali. Bati lenyewe limepinda taratibu, na jua la jioni likilipiga, kivuli kinateleza kutoka fenda ya mbele hadi mlango wa nyuma bila kukatika.

Fit: urefu umekwenda kwa abiria

Honda walianza upande wa pili. Tangu Fit ya kwanza ya mwaka 2001, tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele badala ya chini ya kiti cha nyuma. Uamuzi huo mmoja wa kiufundi ndio uliochora gari zima. Sakafu ya nyuma ikashuka, kiti cha nyuma kikaweza kukunjwa kikalala bapa au makalio yake yakainuliwa juu, na buti likawa na mdomo wa chini kiasi kwamba gunia la mchele unaliingiza bila kulinyanyua hadi kiunoni. Kwenye Demio mdomo wa buti uko juu na tundu lenyewe ni jembamba, kwa sababu mlango wa nyuma umefinywa ili mabega ya gari yaonekane mapana. Ukijaribu kutia kigari cha mtoto bila kukikunja vizuri utaelewa mara moja.

Kwa nje, Fit ni mstari mmoja unaopanda kutoka pua fupi, unapita juu ya kioo cha mbele kilicholala, na kuendelea hadi paa. Mbele ya mlango wa dereva kuna kidirisha cha pembetatu, maana kioo kimesogea mbele sana hata nguzo moja ya kushikilia paa isingetosha. Taa za nyuma zimesimama wima na kupanda kando ya kioo. Ubavuni kuna mkunjo mmoja wa kina unaoanzia mlango wa mbele na kupanda hadi taa ya nyuma. Hapo ndipo Honda walipojipatia ukali bila kuila kabini sana.

Lisilonipendeza ni bampa la nyuma la matoleo ya kabla ya Juni 2017. Pembeni lina vishimo vikubwa vya plastiki nyeusi vinavyojifanya matundu ya hewa, na ndani yake hamna tundu. Vinakusanya vumbi, vinapauka kwa jua, na kulifanya gari lizeeke machoni kabla ya wakati wake. Toleo la Juni 2017 lilipangwa upya mabampa, na tofauti inaonekana ukiyaweka mawili sambamba. Ukiweza kuongeza kidogo ulifikie, ongeza.

Mtoto wa kiti cha nyuma anaona nini

Hili watu hawaliulizi yadi, na kwa familia naliona kubwa kuliko taa wala rimu.

Dirisha la nyuma la Demio linapanda kadiri linavyoelekea mkiani na kuishia kwenye nguzo nene. Ndilo linaloipa sura ya kukaza misuli. Lakini mtoto mdogo aliyekaa pale macho yake yanakutana na plastiki ya mlango, anga analiona kwa juu tu. Safari ya Dar hadi Tanga au Nairobi hadi Mombasa ni ndefu, na mtoto asiyeona nje huchafukwa na moyo upesi zaidi. Fit ina dirisha la chini zaidi na kioo kirefu. Kijana wa darasa la kwanza anaona ng'ombe, maduka na malori kama wewe.

Kurudi nyuma kwa rivasi ni hadithi ileile. Nguzo ya nyuma ya Demio inaficha mtu mzima akisimama pembeni kidogo, achilia mbali mtoto anayechezea uani. Kama unachukua Demio, hakikisha ina kamera ya nyuma inayofanya kazi na uijaribu palepale yadi. Mbele, hata hivyo, Demio ina faida yake: nguzo ikiwa imerudi nyuma, unapoingia kwenye makutano unaona upana zaidi. Kwenye Fit una nguzo mbili na kidirisha katikati. Baadhi ya madereva wafupi huona pikipiki ikijificha nyuma ya mojawapo. Keti mwenyewe, rekebisha kiti chako, ugeuze kichwa kulia na kushoto kabla ya kuamua.

Matuta, rafu rodi na kingo za bampa

Fit iko chini. Kutoka ardhini hadi tumbo la gari ni takriban milimita 135, na Demio takriban 145. Sentimita moja inasikika ndogo, lakini gari likibeba watu watano na mizigo ya sikukuu, hiyo sentimita ndiyo inayotenganisha kuvuka tuta na kulisugua. Bampa la mbele la Fit nalo limeshuka mdomo, na chini yake kuna kava ya plastiki iliyoshikwa kwa klipu. Klipu mbili zikikatika, kava inaning'inia, hewa inaivuta, na siku moja unaikanyaga mwenyewe. Unapokagua gari la mtumba inama kabisa, uangalie ukingo wa chini wa bampa na hiyo kava. Mikwaruzo ya huko haionekani kwenye picha za tangazo.

Wengi hutatua kwa kuweka spesa, vipande vya kuinulia gari, juu ya springi. Gari linapanda kweli, lakini nafasi kati ya tairi na tao lake inapanuka, na kwenye gari lililochorwa likae chini kama Fit, mizani yote ya umbo inavunjika. Tairi lenye ukuta mnene kidogo, ndani ya mipaka anayokubali fundi wako, huziba ile nafasi na kupendeza zaidi kuliko spesa nene.

Siku utakapogongwa

Utagongwa. Bajaji itakusogelea kwenye foleni, au mkokoteni utakukwaruza sokoni. Hapo umbo linageuka kuwa fedha.

Kwenye Fit, mahali pa hofu ni ule mkunjo wa ubavuni. Pigo likitua kwenye bati bapa, fundi analisukuma kutoka ndani na kumaliza kwa puti chache, ile dawa ya kusawazisha bati kabla ya rangi. Likitua juu ya mkunjo, lazima aurudishe ukali wake kwa mkono, sawasawa na mlango wa jirani, na wengi huishia na mstari uliolegea. Jaribu hivi unapokagua: chuchumaa karibu na taa ya nyuma asubuhi, jua likiwa la pembeni, weka jicho usawa wa mkunjo na uufuate kwa macho hadi mlango wa mbele. Mahali unapofifia, unapopinda, au unapovuka pengo la milango bila kukutana na mwenzake, hapo pamewahi kupita puti.

Kwenye Demio mtego uko mbele. Kuna utepe wa kromu unaozunguka chini ya sho, ule wavu wa mbele kati ya taa, na ncha zake zinaingia ndani ya taa za mbele, kana kwamba kromu na taa ni kitu kimoja. Kiwandani zimekutana barabara. Bampa likivuliwa na kurudishwa baada ya ajali, ncha ile haikai tena ilipokuwa. Inabaki juu kidogo au chini kidogo ya mwendelezo wake ndani ya taa. Piga magoti, tazama kushoto, kisha kulia. Pande mbili zisipofanana, muulize muuzaji kilichotokea na usiridhike na jibu la haraka. Na jua kwamba taa yenyewe, hasa ya LED, ni kifaa ghali; taa iliyopasuka kwenye Demio inaumiza mfuko kuliko bampa.

Kama gari limetoka mnadani Japani, omba karatasi ya mnada. Kwenye mchoro wa gari kuna herufi: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mawimbi yanayobaki baada ya kunyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi inaonesha ukubwa. Watu huiogopa A kwa sababu inaonekana kwa macho, wakaipuuza W. Kwa magari haya mawili mimi naogopa W zaidi. A2 kwenye bampa inapona kwa kupulizwa rangi. W2 kwenye mlango wa nyuma wa Fit au ubavu wa Demio ina maana ule mchoro uliokupendeza umeshachorwa upya na mtu mwingine.

Rangi

Demio nyekundu, ile yenye namba ya rangi 41V, ndiyo inayowavuta watu kutoka ng'ambo ya barabara. Siri yake ni matabaka: chini kuna tabaka lenye chembe za alumini linaloakisi mwanga, juu yake nyekundu inayopitisha mwanga, kisha vanishi. Mwanga unaingia, unagonga alumini, unarudi kupitia nyekundu, na ndiyo maana mikunjo inaonekana ina kina. Lakini ndiyo rangi ngumu kuliko zote gereji. Fundi akizidisha pulizo moja la ile nyekundu, mlango unatoka umekoza kuliko fenda, na ukiwa juani kila mtu anaona. Nyeupe yenye lulu nayo ni ya matabaka na ina shida kama hiyo, kwa kiwango kidogo. Nyeupe ya kawaida, kama 040 ya Toyota, inalinganishwa kirahisi na haioneshi joto wala vumbi jekundu sana. Nyeusi inapendeza siku ya kuoshwa.

Vitz, Note na IST kwa ufupi

Vitz ya kizazi cha tatu, iliyoanza Desemba 2010, ni ya mtu asiyetaka mshangao. Kioo chake cha mbele kinafutwa na wipa moja ndefu. Ni nadhifu, ila mpira wake ukichoka huna wa pili wa kukusaidia mvua za masika. Aprili 2014 ilibadilishwa uso na kupewa mdomo mkubwa wa plastiki. Naona ya kabla ya hapo imetulia zaidi, lakini mnunuzi wa Kenya hana hiari hiyo, kwa kuwa sheria yao hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8.

Note ndiyo ndefu kuliko zote na nafasi yake ya nyuma inaishinda hata Fit kwa magoti. Ubavuni ina mkunjo mkubwa unaopinda kuelekea nyuma, uchoraji wa kishindo ambao haujazeeka vizuri. Ukiipenda, tafuta ya kuanzia Novemba 2016, uso wake una mpangilio zaidi.

IST ya kwanza inahitaji heshima yake. Ilitoka Mei 2002, Marekani ikauzwa kwa jina la Scion xA. Pua fupi, mkia mfupi, matairi yamesukumwa kwenye pembe, matao yamevimba, na mabati mengi ni mapana yasiyo na mikunjo migumu. Ndiyo sababu inavumilia rafu rodi, na ndiyo sababu fundi yeyote wa Tanzania anaweza kuinyoosha ikarudi sura yake. Tanzania haizuii gari kwa umri, ingawa ushuru wa uchakavu unaongeza kodi. IST ya pili, ya Julai 2007, ilipanuliwa hadi milimita 1,725, ikavuka lile sanduku la 1,700. Ina mabega zaidi, lakini dirisha lake la nyuma limefinywa na mtoto anapoteza alichokuwa akikiona kwenye ya kwanza.

Uchague lipi

Familia yenye watoto wawili au zaidi, inayosafiri mikoani na kubeba mizigo: Fit, toleo la kuanzia Juni 2017, rangi isiyo ya matabaka, karatasi ya mnada isiyo na W kwenye milango ya nyuma. Ikiwa barabara ya kufika nyumbani kwenu ni ya mawe na mabonde, iache Fit, uchukue IST ya kwanza iliyotunzwa kama uko Tanzania, au Demio kama uko Kenya.

Wenzi wenye mtoto mmoja, wanaoendesha mjini na wanaopenda kuligeukia gari lao baada ya kulifunga: Demio, bila kusita. Uzuri unaouona kila asubuhi kwa miaka mitano una thamani, na Demio inao. Chukua ya bluu iliyokoza, ambayo inaonesha mchongo wa bati karibu kama ile nyekundu na kupatikana kwa fundi bila mateso. Mtoto mpe kiti cha kuinulia, kinachofaa umri na uzito wake, kimpandishe hadi usawa wa dirisha, na ukifunge upande wa kushoto, ili akishuka ashukie kando ya barabara.